Rooney baada ya Derby: jina lililotangulia kazi

Msimu wa 2023/24 wa Championship, ngazi ya pili ya soka ya Uingereza, ulifika tamati Mei 4, 2024 kwa hesabu ambayo mtu akikusimulia kijiweni utadhani ameitunga. Birmingham City iliifunga Norwich 1-0 na bado ikashuka daraja, pointi 50 mkononi. Plymouth Argyle iliifunga Hull City 1-0 ikasalimika kwa pointi 51. Kocha wa Hull siku hiyo alikuwa Liam Rosenior, aliyewahi kuwa msaidizi wa Wayne Rooney kule Derby County. Birmingham nayo ilikuwa imepita mikononi mwa Rooney kati ya Oktoba na Januari ya msimu huohuo, na anguko lake lilianzia hapo. Haikupita hata mwezi. Mei 25, Plymouth iliyookoka kwa tofauti ya pointi 1 dhidi ya Birmingham ikamtangaza kocha wake mpya: Wayne Rooney.

Desemba 31 ya mwaka huo huo kibarua kikaota nyasi. Plymouth ilikuwa mkiani.

Vijiweni na kwenye vipindi vya michezo redioni jibu hupatikana upesi: mchezaji mkubwa hawezi kuwa kocha mkubwa. Ni jibu la uvivu. Johan Cruyff, Carlo Ancelotti, Pep Guardiola na Zinedine Zidane wote walicheza soka ya juu kabisa kabla ya kukaa benchini, na hakuna aliyeona kipaji chao kikiwazuia kufundisha. Zaidi ya hapo, jibu hilo halituelezi chochote kuhusu Derby, ambako kwa msimu mmoja Rooney alifanya kazi ambayo makocha wengi wenye vyeti vilivyojaa ukutani wasingeiweza. Anguko lake lina umbo jingine. Alifanya vizuri zaidi pale alipokuwa hana cha kuchagua. Baada ya hapo, kila aliyempa uhuru wa kuchagua alikuwa amenunua jina lake, bila kuuliza ile kazi ya Derby ilifanyikaje na nani alikuwa pembeni yake.

Rooney mchezaji hahitaji utambulisho mrefu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mtoto wa Croxteth, Liverpool, aliyezaliwa Oktoba 24, 1985, akiwa Everton aliifunga Arsenal Oktoba 19, 2002, siku 5 kabla ya kutimiza miaka 17, na kukatisha mbio zao za mechi 30 za ligi bila kupoteza. Mwaka 2004 alihamia Manchester United na mechi yake ya kwanza, dhidi ya Fenerbahçe, akafunga mabao matatu. Alipoondoka Old Trafford mwaka 2017 alikuwa na mabao 253, rekodi ya klabu, mataji 5 ya Ligi Kuu na kombe la Ligi ya Mabingwa la 2008. Taifa lake alilichezea mara 120 na kulifungia mabao 53, rekodi iliyodumu hadi Harry Kane alipoivunja mwaka 2023. Dar es Salaam inamkumbuka kwa namna yake: Julai 13, 2017, siku chache tu baada ya kurejea Everton, alifunga bao lake la kwanza la awamu hiyo ya pili katika Uwanja wa Taifa, shuti la mbali lililompita kipa wa Gor Mahia, katika mechi ambayo Everton ilishinda 2-1. Shabiki mmoja aliruka uzio, akaingia uwanjani na kumkumbatia kabla askari hawajamfikia.

Nimelitaja bao hilo kwa sababu. Lilikuwa bao la mtu anayeona lango kabla hajatazama. Wachezaji wa aina hiyo husifiwa kwa silika, na silika ndiyo husemwa kuwa haifundishiki. Huenda. Lakini katika miaka yake ya mwisho United Rooney alikuwa amekwisha kurudi nyuma kucheza kiungo. Mwili ulianza kumnyima kasi naye akajifunza kucheza kwa akili na pasi ndefu. Alikuwa mtu anayejifunza. Kilichokosekana ni mahali pa kujifunzia ukocha kabla watu hawajaanza kumhesabia pointi.

Derby alifika kama mchezaji-kocha. Mpango ulitangazwa Agosti 2019, naye akaanza kucheza Januari 2020 chini ya Mholanzi Phillip Cocu. Novemba 2020 Cocu akaondoka, timu ikiwa mkiani. Kwanza klabu iliunda jopo la watu wanne, Rooney, Rosenior, Shay Given na Justin Walker; muda si mrefu Rooney akaachiwa usukani peke yake. Januari 15, 2021 akatundika daluga na kupewa mkataba wa kuwa kocha mkuu hadi kiangazi cha 2023. Kwa hiyo uanafunzi wake wote chini ya kocha mwingine haukufika mwaka mmoja, na hata huo aliutumia huku akicheza.

Nusu msimu ile ya kwanza husahaulika, na ni makosa kuisahau. Ushindi ulikuja mwanzoni, kisha timu ikapoteza mwelekeo kabisa. Siku ya mwisho Derby ilitoka sare ya 3-3 na Sheffield Wednesday, bao la kuokoa jahazi likiwa penalti ya Martyn Waghorn, ikamaliza ya 21 kwa pointi 44, moja zaidi ya Wycombe walioshuka. Sheffield Wednesday nao walishuka, kwa pointi 41. Walikuwa wamekatwa 6. Laiti wasingekatwa wangefika 47, na Derby ya Rooney ndiyo ingeteremka. Dalili zote tulizokuja kuziona Birmingham na Plymouth zilikuwapo hapo: timu inayofungwa kwa mfululizo na kocha asiye na njia ya kuukatisha. Zilifunikwa na adhabu ya klabu nyingine, na mwaka uliofuata zikafunikwa na jambo kubwa zaidi.

Jambo hilo lilikuwa ufilisi. Mmiliki Mel Morris, tajiri mzaliwa wa Derby, alikuwa amemwaga fedha kwa miaka akisaka Ligi Kuu bila kuifikia, hadi kufikia kuiuzia kampuni yake mwenyewe uwanja wa Pride Park kwa zaidi ya pauni milioni 80. Septemba 2021 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi na kukatwa pointi 12. Novemba zikaongezwa 9 kwa makosa ya mahesabu, hasa namna thamani ya wachezaji ilivyokuwa ikishushwa vitabuni. Jumla 21. Katikati ya Novemba jedwali la Championship liliionyesha Derby ikiwa na pointi hasi 3.

Soma hali yenyewe. Usajili ulikuwa umebanwa. Kocha angeweza kuchukua wachezaji huru na wa mkopo tu, tena kwa masharti. Phil Jagielka, beki mkongwe aliyekuwa akishikilia ulinzi, aliondoka Januari kwenda Stoke kwa kuwa klabu haikuruhusiwa kumwongezea mkataba. Graeme Shinnie akauzwa Wigan. Waliobaki walikuwa wachezaji wazoefu wachache, kina Curtis Davies na Tom Lawrence, na watoto wa akademi: Max Bird, Jason Knight, Louie Sibley, Festy Ebosele. Kocha hakuwa na la kuamua kuhusu usajili wala bajeti. Hata kikosi cha kwanza mara nyingi kilijipanga chenyewe, kwa sababu mbadala hawakuwapo.

Wakacheza. Waliifunga Bournemouth 3-2, na Aprili wakaifunga Fulham 2-1. Hizo ndizo timu mbili zilizopanda daraja moja kwa moja msimu ule. Januari, wakiwa nyuma kwa mabao 2-0 dhidi ya Birmingham, walisawazisha dakika za mwisho, Krystian Bielik akipiga tikitaka mbele ya uwanja uliofurika. Waliteremka Aprili 18 baada ya kufungwa 1-0 na QPR, saa ambazo Reading walikuwa wakitoka nyuma ya 4-1 na kusawazisha 4-4 dhidi ya Swansea. Walimaliza na pointi 34. Ukirudisha zile 21 unapata 55, sawa na nafasi ya 17. Birmingham, iliyobaki bila shida, ilikuwa na 47.

Hiyo ni kazi, na sitaki mtu aipunguze. Lakini ilikuwa kazi ya aina gani? Timu iliyozingirwa hupewa bure vitu ambavyo makocha wengine huvihangaikia miaka: sababu ya kupigana, adui aliye nje, mashabiki wasiozomea hata mkifungwa, na uhakika kwamba hakuna atakayekulaumu. Rooney alikuwa mtu sahihi kwa mazingira hayo. Wachezaji vijana walimwangalia na kuona mtu aliyeshinda kila kitu akikubali kukaa katika klabu isiyojua kama mishahara ya mwezi ujao itapatikana. Januari 2022 Everton, klabu iliyomlea, ilimwita kwenye usaili, akakataa kwenda. Hakuna hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo inayozidi hilo.

Kisha yupo Rosenior. Alikuwa msaidizi, lakini msaidizi mwenye mawazo yake kamili juu ya namna timu inavyopaswa kujipanga na kuutoa mpira nyuma, na sehemu kubwa ya kazi ya uwanja wa mazoezi ilipita kwake. Rooney hakuwa na kiburi cha kuficha hilo; amemsifu hadharani kuwa miongoni mwa makocha bora aliowahi kufanya nao kazi. Juni 2022 Rooney alijiuzulu. Rosenior alibaki Derby kwa muda kama kocha wa mpito, akaenda Hull akaifikisha nafasi ya 7, kisha akaelekea Strasbourg ya Ufaransa na kumaliza ya 7 katika Ligue 1 kwenye msimu wake wa kwanza. Wawili hawa walipoachana, mmoja aliondoka na maarifa ya kazi na mwingine akaondoka na sifa yake. Soko la makocha halikujua kuwatofautisha.

Washington nitapita haraka. D.C. United ilimchukua Julai 2022 ikiwa taabani. Siku chache kabla yake ilikuwa imefungwa 7-0 na Philadelphia. Msimu huo ilimaliza ya mwisho katika ligi nzima. Mwaka 2023 ilijikongoja, Christian Benteke akifunga mabao, lakini ikakosa hatua ya mtoano. Ligi ya Marekani ina ukomo wa mishahara, safari ndefu na kanuni za usajili zinazohitaji mtu aliyezisomea. Si mahali rahisi pa kumpimia kocha mgeni, na familia yake ilikuwa imebaki Uingereza. Oktoba 7, 2023, baada ya kushinda mechi yake ya mwisho dhidi ya New York City, pande mbili ziliachana kwa amani. Angerudi nyumbani, akapumzika, akatazama wenzake wanavyofanya.

Alipumzika siku 4.

Oktoba 11 Birmingham City ilimtambulisha. Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu sura hii ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu waajiri kuliko kuhusu mwajiriwa. Klabu ilikuwa imenunuliwa mwaka huo na kampuni ya uwekezaji ya Kimarekani, Knighthead, mwenyekiti akiwa Tom Wagner, na Tom Brady, nguli wa mpira wa Kimarekani, akiwa na hisa ndogo. Kocha waliyemkuta, John Eustace, alikuwa ameivusha timu maskini kwa soka ya kujibana nyuma na kushambulia kwa kushtukiza. Baada ya mechi 11 alikuwa na pointi 18 na nafasi ya 6. Mechi zake mbili za mwisho aliifunga Huddersfield 4-1 na West Brom, watani wa jadi wa jirani, 3-1. Siku tatu baada ya ushindi huo wa watani akatimuliwa.

Wamiliki walisema wanataka benchi la ufundi linaloendana na ndoto zao, na lugha iliyotawala siku za mwanzo ilikuwa ya soka isiyo na woga. Rooney akapewa mkataba wa miaka mitatu na nusu, akaja na Ashley Cole na John O'Shea, majina mengine makubwa ya enzi zake. Ukizitazama picha za siku ile unaelewa biashara iliyokuwa ikiendeshwa. Uwekezaji mpya ulihitaji sura itakayotambulika Marekani, Asia na Afrika. Eustace hatambuliki hata akipanda basi huko Birmingham kwenyewe.

Kikosi, hata hivyo, hakikubadilika kwa sababu ya picha. Walikuwa mabeki waliozoea kusimama karibu karibu na kuondoa mpira. Sasa wakaambiwa waupige pasi langoni mwao na mstari usogee juu. Walikuwa viungo waliozoea kusubiri. Wakaambiwa wakabie juu. Mabadiliko ya namna hiyo huhitaji maandalizi ya kabla ya msimu na dirisha la usajili. Rooney alikuwa na Oktoba, na mechi mbili kila wiki. Alifungwa ya kwanza na Middlesbrough. Mechi ya kwanza nyumbani, Oktoba 25, wageni walikuwa Hull. Ndiyo, Hull ya Rosenior. Hull ikashinda 2-0, timu ya msaidizi wa zamani ikipiga pasi kwa utulivu ule ambao Rooney alikuwa ameajiriwa kuuleta, na uwanja wa nyumbani, St Andrew's, ukazomea.

Mechi 15, ushindi 2, sare 4, vipigo 9. Pointi 10. Eustace alikuwa akivuna wastani wa pointi 1.6 kwa mechi, Rooney alivuna chini ya 0.7. Januari 2, 2024, siku moja baada ya kufungwa 3-0 na Leeds, akafungashiwa virago timu ikiwa ya 20. Siku 83. Baadaye aliugua Tony Mowbray, mrithi wake, klabu ikayumba zaidi, na ikashuka. Si haki kumbebesha Rooney mechi zote zile zilizofuata. Lakini hesabu haikwepeki: tofauti na Plymouth iliyosalimika ilikuwa pointi 1.

Mwaka 2025 kipande cha filamu ya mfululizo kuhusu klabu hiyo kilimwonyesha Brady akitilia shaka bidii ya kocha wake kazini. Rooney alijibu kwamba Brady alifika mara moja tu, siku ya kuamkia mechi, ambayo mazoezi yake huwa mepesi, na kwamba hakuuelewa sana mchezo wenyewe. Katika ugomvi huu niko upande wa Rooney, ingawa sababu zangu si zake. Ukimpa mtu kazi kwa ajili ya jina lake halafu ukamhukumu kwa muda anaoingia na kutoka getini, umeshasahau kosa lilikuwa la nani. Wamiliki hao wenyewe walijifunza: aliyekuja kuwapandisha kutoka League One mwaka 2025 kwa pointi 111, rekodi ya soka ya Uingereza, ni Chris Davies, aliyekuwa msaidizi wa Brendan Rodgers kwa miaka mingi na ambaye mtu wa kawaida mtaani hakuwa akimjua.

Kuhusu Plymouth, swali si kwa nini Rooney alishindwa. Swali ni Plymouth iliona nini. Ni klabu ya kando, huko kusini magharibi, yenye bajeti miongoni mwa ndogo kabisa Championship. Ilipanda mwaka 2023 kwa pointi 101 chini ya Steven Schumacher, kocha asiye na jina kubwa. Alipochukuliwa na Stoke, aliyemfuata, Ian Foster, alitimuliwa Aprili 1. Sera ya klabu ilikuwa ya kutafuta thamani pale wakubwa hawatazami. Rooney alikuwa mtu ambaye kila mtu anamtazama. Inawezekana walisoma Derby kama mimi nilivyoisoma hapo juu, wakaona mtu anayefaa pale fedha zilipo chache na maadui ni wengi. Kama ndivyo, hawakuwa wajinga. Walisahau tu kwamba umaskini wa Plymouth ulikuwa wa kawaida. Mashabiki wa Plymouth hawakuamka wakidhani klabu itafutwa. Waliamka wakitaka timu ijue kulinda kona.

Mechi ya kwanza ya ligi ilikuwa kipigo cha 4-0 kutoka kwa Sheffield Wednesday. Ushindi wa kwanza ulikuja Septemba 14, 3-2 dhidi ya Sunderland. Ilifuata Luton, kisha Blackburn, ambayo kocha wake, kama mchezo wa bahati, alikuwa Eustace. Portsmouth ikawa ya nne. Ushindi wote huo ulipatikana nyumbani, Home Park. Ugenini haikushinda hata mara moja. Norwich iliipiga 6-1, siku chache baadaye Bristol City 4-0. Desemba 26 Coventry ya Frank Lampard ikaipiga 4-0. Oxford wakamalizia kwa 2-0. Mechi 23 za ligi, ushindi 4, pointi 18.

Hapakuwa na mpango wa pili. Timu yenye winga kama Morgan Whittaker, aliyefunga mabao 19 ya ligi msimu uliotangulia na ambaye, kwa bahati ya ajabu, alikulia Derby na kuuzwa Swansea Rooney akiwa kocha, ilikuwa na silaha ya kushambulia kwa haraka. Ilitumika kwa vipande. Ugenini, ikifungwa bao la kwanza, ilifunguka kama mlango uliovunjwa bawaba, na hapakuonekana maelekezo ya kuufunga. Miron Muslić aliyekuja Januari alifanya kinyume: mpira wa moja kwa moja, miili mingi nyuma, mapambano. Hakuiokoa, lakini nusu ya pili ya msimu timu ilivuna pointi 28, na Februari 9 iliitoa Liverpool katika Kombe la FA kwa penalti ya Ryan Hardie. Wachezaji wengi walikuwa walewale. Eustace naye Februari hiyo alihamia Derby, iliyokuwa imerudi Championship na kuning'inia pabaya, na akaibakiza siku ya mwisho ya msimu, ilhali Plymouth ilishuka.

Kwa nini wenzake wa kizazi kilekile hawakuanguka namna hii? Wengine walianguka. Steven Gerrard aliipa Rangers ubingwa wa 2021 bila kupoteza mechi ya ligi, kisha Aston Villa ikamtimua chini ya mwaka mmoja, na Saudi Arabia haikumwongezea sifa. Lampard alianzia Derby hiyohiyo, akaruka haraka kwenda Chelsea, akafukuzwa, akafukuzwa na Everton pia. Lakini baada ya kurejea kwa muda mfupi Chelsea mwaka 2023, alikaa nje karibu mwaka mmoja na nusu. Coventry ilipomchukua Novemba 2024 ilikuwa ya 17. Aliimalizisha ya 5. Michael Carrick, aliyegawana na Rooney chumba kimoja cha kubadilishia nguo kwa zaidi ya miaka kumi, alipitia njia ndefu: miaka mitatu na ushei katika benchi la José Mourinho na Ole Gunnar Solskjær kabla ya Middlesbrough, aliyoikuta nafasi ya 21 Oktoba 2022 na kuimaliza ya 4. Ukiweka ratiba zao kando ya ya Rooney, tofauti haiko kwenye vipaji vya uwanjani. Carrick alikuwa na miaka ya kutazama, Lampard akawa na muda wa kukaa kimya. Rooney, tangu Novemba 2020 hadi Desemba 2024, alikuwa kwenye kiti au akielekea kwenye kiti kingine, na kila kiti kilikuwa cha timu iliyo kwenye dharura au iliyotumbukizwa kwenye dharura.

Yeye mwenyewe ana sehemu yake. Hakuna aliyemlazimisha kusaini Birmingham siku 4 baada ya Washington. Mtu aliyeitwa kuchukua nafasi ya kocha aliye wa 6 anaweza kuuliza kwa nini huyo anaondoka, na akikosa jibu la kiufundi anaweza kukataa. Alishaikataa Everton kwa uzito mkubwa kuliko huo. Angeweza pia kushika kile kilichokuwa kikifanya kazi na kukibadilisha polepole hadi kiangazi. Aliamini ahadi ya wamiliki kuliko alivyoamini jedwali. Plymouth nako, baada ya vipigo viwili vikubwa vya Novemba, kocha aliyejifunza kitu Birmingham angezifunga mechi za ugenini, acheze ovyo, apate sare. Wapo makocha wa kawaida kabisa waliodumu Championship miaka kumi kwa ujuzi huo mmoja.

Sasa anachambua soka BBC, akiwa na kipindi chake mwenyewe cha sauti, na anafanya vizuri. Anapoeleza kwa nini mshambuliaji alichelewa nusu hatua, au beki alipaswa kugeukia bega lipi, unasikia mtu anayeona mchezo kwa undani ambao wengi wetu hatuna. Uoni huo una soko kwenye uwanja wa mazoezi pia, kwa washambuliaji wa miaka 18 au katika benchi la kocha mwingine anayejua kupanga ulinzi. Ni kazi isiyo na picha za utambulisho, na mshahara wake ni sehemu ndogo ya anaolipwa studio. Klabu ya daraja la pili itakayompigia simu tena itakuja. Kwa jina lile haiwezi kukosekana. Ikija, afadhali mazungumzo yaanze na nani atakuwa msaidizi wake, na msaidizi huyo awe ametajwa kwenye mkataba.